Jengo Lililosubiri Plasta

Miaka ya sabini ilipoanza tulijengewa Shinyanga ghorofa la ofisi, zege tupu kutoka chini hadi juu, limenuna kama ghala la pamba msimu wa njaa. Alama za mbao zilizoshikilia zege zilibaki ukutani, na mafundo yake yote. Wakubwa wakalizindua, wakala ubwabwa, wakaondoka. Kwetu hata kibanda cha tope hukandikwa vizuri kabla ya kuhamia, kwa hiyo mji mzima ulijua: saruji ya plasta imeibwa.

Baba yangu alikuwa fundi plasta, na hakuna aliyefurahi kama yeye. Watarudi kumalizia, alisema, na watamwita nani? Kila mwaka alipeleka barua ya kuomba kazi ile, na kila mwaka mkuu wa ofisi alimjibu kwamba suala lake linashughulikiwa. Ofisi zetu zilikuwa hodari sana wa kushughulikia. Kumbe hata mkuu mwenyewe alidhani jengo halijaisha.

Mafundi wenzake walikwenda Geita kuchimba dhahabu. Walipomfuata aliwacheka: aache kuta zote zile akaingie shimoni? Wengine walirudi na redio na baiskeli. Sisi tulikuwa na barua. Nilimwonea haya, sitaficha.

Miaka ya themanini akaja mwanafunzi wa usanifu majengo kutoka Dar es Salaam, na kamera. Mkuu, aliyezoea kupitisha wageni mlango wa nyuma kwa aibu, siku hiyo alisimama mbele ya ukuta apigwe picha. Mimi na baba tulikuwa pale na barua ya mwaka huo.

"Shikamoo mzee. Jengo zuri sana hili."

"Marahaba. Ngoja kwanza tulipige plasta."

"Plasta ya nini, mzee? Walikusudia liwe hivi hivi. Liliisha siku ile ile."

Baba aliikunja barua, akaitia mfukoni. "Wabeja," akamshukuru kwa Kisukuma, na njiani akaniomba nisimwambie mama.

Nilimwambia kabla sijakaa, kwa hasira. Mama alikuwa anapeta mchele, wala hakuinua uso.

"Nilijua tangu walipotundika mapazia. Nani anatundika mapazia kwenye nyumba inayosubiri fundi?"

"Ukamwacha asubiri miaka yote hii?"

"Kaka yangu alifukiwa shimoni huko Geita, hata mwili hatukuupata. Wewe ungemwambia?"