Kijivu cha Bujiku

Bujiku alizaliwa na kinyaa. Nzi akiangukia kwenye maziwa, watoto wenzake walimtoa kwa kidole wakaendelea kunywa; yeye aliweka kata chini akaondoka, na siku nzima hakurudi kuigusa. Walimcheka, wakampigia makofi, wakamwita bibi harusi. Alipokua, kinyaa hicho hakikupungua, ila kilihama. Kilitoka kwenye chakula kikaingia kwenye rangi.

Rangi inayong'aa ilimtibua tumbo. Akipita kwenye mtaa wa maduka pale Bariadi, penye kuta za chungwa, za waridi na za kijani kibichi kama nyongo, aligeuza uso kama mtu aliyekutana na mzoga njiani. Na hapo ndipo palipokuwa na uchungu wake, kwani nusu ya kuta hizo alizipaka yeye mwenyewe. Ndiyo kazi iliyomlisha: kuchora vibao, kupaka maduka, kuandika majina kwenye milango ya magari. Mteja akitaka nyekundu ya kuumiza macho, Bujiku alimpakia, kisha alienda kunawa mikono mpaka viwiko, akarudia tena, akanusa vidole.

Nyuma ya jiko la mkewe Monika alikuwa na banda la mabati. Kopo la mteja halikuruhusiwa kuingia humo. Humo aliunda meli za vita.

Aliziunda kwa vipande vya mninga alivyookota kwa mafundi seremala, kwa bati la makopo, kwa spoku za baiskeli zilizogeuka milingoti, na kwa uzi wa kushonea viatu uliogeuka kamba. Vipimo alivichukua kwenye picha za simu. Alipiga msasa mpaka ubao ukawa laini kama shavu, ndipo akachanganya rangi: nyeupe, nyeusi, tone la bluu, kisha chaki aliyoisaga na kuichekecha kwa kitambaa, ili kuua mng'ao. Kilichotoka kilikuwa kijivu kilichokufa kabisa, kijivu cha maji chini ya wingu. Hapo tu ndipo tumbo la Bujiku lilipotulia.

"Wenzako zizini wana ng'ombe," Monika alizoea kumwambia. "Wewe una manowari."

"Manowari haili majani."

"Wala haitoi maziwa, baba. Na hiyo kubwa itaenda wapi? Mto Simiyu wenyewe sasa hivi ni mchanga, watu wanapita na baiskeli."

Hiyo kubwa ilikuwa na urefu wa kitanda cha mtoto, na haikuwa manowari. Ilikuwa chombo cha kushushia askari ufukweni, ubavu mnene, kijumba cha nahodha nyuma, na mbele mlango mpana unaolala chini kama ulimi ili watu watoke mbio. Majirani waliiita pantoni. Kila walipoiita pantoni, Bujiku alitema mate pembeni. Nyingine zote aliziunda kwa picha, lakini hii aliijua kwa nyayo zake.

Kabla ya kuwa mchoraji alikuwa kibarua ziwani. Tajiri mmoja wa visiwani alinunua chombo cha namna hiyo, chakavu, kilichokwisha kustaafu vita vya watu wengine, akakifanya cha kubeba saruji na ng'ombe. Hakubadilisha hata rangi. Bujiku alianza kazi humo kwenye ufukwe wa Nyashimo pamoja na Marcelo, kijana wa Ipililo, mcheshi, aliyekuwa akiwaimbia ng'ombe ili wasiogope maji. Siku moja injini ilikufa katikati ya ziwa, upepo ukaja na mvua, chombo kikanywa maji mpaka kikabaki kijumba tu juu. Bujiku alirudi. Marcelo hakurudi, na mwili wake haukupatikana.

Mama yake Marcelo, Lukresia, alikuwa mwanamke wa kanisani na wa jembeni, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuona maji mapana kuliko lambo la kunyweshea ng'ombe. Kila baada ya mavuno alikuja Bariadi kumsalimu Bujiku, akakaa kwenye kigoda, akamsalimu kwa Kisukuma kama mwanawe, akanywa chai, akasema neno lile lile.

"Ng'wadila, ng'wanone."

"Ng'wadila, mayu," naye akaitikia, kama amwitikiavyo mama yake.

"Wengine wana kaburi. Mimi hata hicho kitu alichofia mwanangu sikijui kikoje. Nikifumba macho naona trekta."

Ndiyo sababu Bujiku aliiunda ile kubwa. Alitaka Lukresia aione ilivyokuwa, ubao kwa ubao, ili akifumba macho asione trekta tena. Ilipokauka aliona aibu kumpelekea mama kifo cha mwanawe mgongoni, kama mtu anayepeleka kuku. Akawa anangoja njia.

Njia ilikuja na Masele.

Masele alikuwa ningi, kiongozi na mwimbaji wa kundi la ngoma la Bagika, mtu wa sauti kubwa na mikono isiyokaa tuli. Msimu wa mashindano ulikuwa umefika. Pamba imeuzwa, watu wana muda, na uwanjani Bagika na wapinzani wao Bagalu hucheza wakati mmoja, huku na huku, na watazamaji ndio waamuzi: kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo kila ningi hutafuta kitu cha kuvuta macho. Mwaka uliotangulia Bagalu walileta ndege ya mbao yenye mabawa yanayopiga, Bagika wakabaki wanachezea vumbi.

Masele alisimama mlangoni mwa banda, akaona ile kubwa, akashika kichwa.

"Bebe, wewe Bujiku! Kumbe umelala juu ya mali hivi!"

"Usiiguse. Una mafuta mkononi."

"Mlango unafunguka?"

Bujiku aliushusha. Masele alicheka mpaka akakaa chini.

"Niazime siku moja tu. Na yule mama wa Ipililo, Lukresia, si ni wa kwetu, Bagika? Atakuwepo, mbele kabisa, nitamwekea kigoda."

Bujiku aliposikia hilo alilegea. Aliona njia bora kuliko hiyo haipo: mama ataiona uwanjani, mchana, katikati ya watu wake, si chumbani kama maiti. Akakubali kwa sharti moja. "Rangi haiguswi."

"Nani aiguse? Rangi ya majivu, atakayeihangaikia nani?" Masele akasema, na vijana wake wakaibeba.

Bujiku alimtumia Lukresia neno aje kukiona kile chombo, na siku ya ngoma akavaa shati jeupe. Alianza kuisikia harufu kabla hajaona kitu. Ilikuwa harufu ya samli iliyochacha na nyongo, na chini yake kitu kingine kama unyayo uliovundia kwenye kiatu. Akapenya watu, akaiona.

Ilikuwa nyekundu. Nyekundu ya duka la soda, inang'aa, imepakwa kwa mkono wa mtu mwenye haraka, imetiririka mpaka madirishani.

"Masele! Nilikwambia nini?"

"Taratibu baba, taratibu." Masele alimvuta kando, akanong'ona. "Tumeipaka samba, ile dawa ya kuvuta watu. Mtaalamu ameichanganya na mafuta, kila mahali, ndani na nje. Sasa tungeiacha wazi? Bagalu waione waizime? Ndiyo tukafunika kwa rangi."

"Mmepaka rangi juu ya mafuta?"

"Sasa dawa tungeificha wapi?"

"Rangi haishiki juu ya mafuta, Masele! Mtoto wa chekechea anajua!"

"Si inashika? Tazama inavyowaka."

Ilikuwa asubuhi bado. Ngoma zilipoanza, jua lilikuwa limeshika utosi. Bujiku alimwona Lukresia mbele, juu ya kigoda, kitambaa cha kanisani kichwani, amekaza macho. Alitaka kumfuata akamtoe pale, lakini watu walikuwa wamebanana kama pamba kwenye gunia. Vijana waliingia na chombo mabegani wakikiyumbisha, Masele mbele akiimba, jasho linamrukia kila aliye karibu. Wakakitua. Mlango wa mbele ukashuka, na badala ya askari akatoka chatu.

Alitoka taratibu, mnene kama paja, ameng'aa mafuta. Nyuma yake aliacha uchafu mweupe wenye kunata, pale pale kwenye sakafu ambayo Bujiku aliipiga msasa kwa majuma. Watu walipiga kelele. Wanawake walirudi nyuma wakacheka, wakasogea tena. Kisha jua likafanya lake. Mafuta yaliyeyuka chini ya ile nyekundu, na nyekundu ikaanza kuteleza. Ilijikunja, ikaachia ubavuni vipande vizima vizima, vikining'inia.

"Inajichubua!" mtu akapayuka. "Meli inajichubua kama nyoka!"

Huko kwa Bagalu ngoma ilibaki inalia peke yake. Uwanja mzima ulihamia upande wa Bagika, watu wakapanda migongo ya wenzao waone meli inayovua ngozi. Masele alibebwa juu juu. Mtu akampiga Bujiku begani: "Fundi! Dawa yako kali!" Bujiku aliutazama mkono ule uliomgusa, wenye mafuta, kisha doa lililobaki kwenye shati lake jeupe. Alikwenda nyuma ya choo cha uwanja akatapika.

Aliporudi, watu walikuwa wanamfuata chatu. Lukresia peke yake hakuondoka. Alikuwa kwenye kigoda chake, anakitazama kile kitu chenye ngozi nyekundu inayoning'inia na nzi juu yake.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Siyo hii, mayu." "Wameiharibu. Twende nyumbani."

Waliibeba wawili, yeye mbele, Lukresia nyuma, kama wabebavyo kitanda cha mgonjwa. Monika alipowaona alifunika pua kwa kanga.

"Mungu wangu, mmeokota nini?"

"Chemsha maji," alisema Bujiku. "Na sabuni."

"Sabuni haitoi samli hii," Lukresia akasema. Alikuwa ameshakunja mikono ya gauni. "Leteni majivu na gunzi. Mafuta huyatoa majivu."

Akaanza. Alimwaga majivu, akanyunyiza maji ya moto, akasugua kwa gunzi kama asuguavyo chungu cha mboga. Ile nyekundu haikuleta ubishi. Iliachia na kuanguka uani kama maganda, na kuku walipoikimbilia Monika aliwafukuza. Bujiku alichukua kazi ya ndani. Aliingiza mkono mlangoni, akakomba uchafu wa chatu kwa kijiko kikuukuu, uso ameugeuza pembeni. Alimlaani Masele, akamlaani mtaalamu, akaulaani uwanja mzima.

"Watu wachafu," alisema. "Ukiwapa kitu safi watakipaka mavi."

"Wamefurahi tu," Lukresia akajibu. "Marcelo angecheka mpaka alale chini."

Bujiku aliendelea kukomba.

Kidogo kidogo kijivu kilitokea, kwanza ubavuni, halafu kwenye kijumba. Chaki yake ilikuwa imeshika, dawa haikupenya. Lukresia alipunguza mkono. Alipapasa paa la kijumba kwa kidole kimoja.

"Hapa ndipo mlipokaa?"

"Hapo. Penyewe palipobaki juu ya maji."

"Yeye upande gani?"

Akamwonyesha. Mama aliuweka mkono wake pale, ukafunika paa lote.

"Na mbona rangi ya majivu?"

"Ni ya vita, mayu. Inapakwa hivyo ili adui asikuone. Kwenye maji yenye mvua huwezi kuitofautisha." Alisema kwa fahari kidogo, kama afanyavyo fundi akiulizwa juu ya kazi yake.

"Na siku ile hakukuwa na adui."

"Hakukuwa na adui."

"Watu walikuwepo?"

Monika alikuwa ameinama juu ya sufuria. Aliinuka akamtazama mumewe. Bujiku aliweka kijiko chini.

"Boti ilipita," akasema. "Ya abiria. Ilipita karibu hata nikaona kanga za wanawake. Tulipiga kelele, injini yao ikatushinda. Walikuwa wanatazama upande wetu, mayu. Walitutazama hivi, wakapita. Marcelo akasema, naifuata, haiendi kasi. Akarukia majini."

Uani palinuka samli na nyongo na manyoya ya kuku yaliyolowa. Lukresia akaokota ganda moja la ile nyekundu, akalipangusa kwenye gauni, akaliweka juu ya paa la kijumba, akarudi nyuma hatua chache, na chache tena, mpaka ukutani. Akatazama. Alitazama kama mtu aliyemo ndani ya boti.

"Hiyo naiona," alisema.

Bujiku naye alitazama. Aliona ganda bovu, linalong'aa, limejikunja kingo, nzi amekwisha kutua juu yake. Chini yake alikiona kijivu chake alichokisaga na kukichekecha, safi, tulivu, hakina doa. Kinyaa kilimpanda kutoka tumboni kama siku zote, akangoja kielekee kwenye nyekundu. Hakikuelekea huko; kilikaa kwenye kijivu kile kilichowaficha.

"Nipakie pale alipokaa," Lukresia akasema. "Ndipo niichukue."

Waliihamishia meli bandani, kisha Bujiku akaenda barazani kwenye makopo ya wateja. Akarudi na nyekundu, ile ile ya kuumiza macho, akaingia nayo bandani, mahali ambapo haijawahi kuingia. Aliikoroga. Alisafisha paa la kijumba kwa kitambaa kikavu, akachovya brashi, akapaka, safari hii bila kugeuza uso.

Lukresia alisimama mlangoni, mbali kidogo.

"Bado haing'ai," akasema. "Rudia."

Akarudia.