Filamu ya Mama Generoza Ilivyouzika

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilijiona kwa macho yangu mwenyewe nikifanya jambo ambalo sikulifanya kamwe. Nilikuwa ndani ya basi, natoka Igunga kumuuguza dada yangu, narudi nyumbani Tabora. Lakini nikianzia hapo utanipotea. Kaa, nikuanzie mbali kidogo. Wapagazi waliopita njia hii yetu zamani walifika pwani kwa mwendo wa pole.

Jana uliniambia unataka kumrekodi yule jirani aliyetoka gerezani, umtengenezee filamu ya kuweka mtandaoni, nami sikukujibu. Hili ndilo jibu langu.

Enzi hizo nilikuwa msichana wa kwaya hapa mjini. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na sura, na usicheke, nilijua kuwa ninavyo. Kiongozi wetu alikuwa Faustini, katekista kijana, mcha Mungu wa kweli. Wakati ule kila aliyeweza kuazima kamera alitengeneza filamu, nyingi za mapenzi na majini. Faustini alitaka moja tu, ya kumtukuza Mungu, na kisa alikuwa amekwisha kukipata Ulyankulu.

Huko aliishi mjane, Mama Generoza, mkulima wa tumbaku ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Mwanawe wa pekee alipigwa rungu akafa, katika ugomvi wa ng'ombe walioingia shambani. Aliyempiga alikuwa kijana wa rika lake, Amosi. Amosi alifungwa, na alipotoka akakuta ndugu zake wamehama bila kumwachia hata salamu. Akawa analala kwenye banda la kukaushia tumbaku, kama mbwa asiye na mwenyewe. Mama Generoza akaenda kumtoa humo, akampa chumba cha marehemu.

Faustini alinipeleka nikae kwake ili nijifunze kumwigiza. Nilimkuta mama mfupi, macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi, maneno machache. Amosi alipasua kuni bila kutumwa. Alipomwita "Mama" alilitamka polepole, kama mtu anayeazima kitu cha watu.

Jioni moja tukimenya mihogo nikamuuliza, "Mama, uliwezaje?"

"Sikuweza kwa siku moja," akasema. "Nilichoka kumchukia. Chuki inataka kulishwa kila siku, binti yangu, na mimi shamba langu ni dogo."

Maneno hayo niliyasema kwenye filamu vilevile, na Mama Generoza alipoonyeshwa, alilia kidogo akasema, "Ndivyo." Hakuna sifa niliyowahi kupewa iliyolifikia neno hilo.

Basi tukaipeleka kwa watu. Tabora mjini tulikodi ukumbi, gari likazunguka na kipaza sauti tangu asubuhi. Waliokuja walikuwa wazazi wa wanakwaya, masista wawili, na watu waliokimbia jua. Viti vilivyobaki vilitutazama. Nzega, mwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, aliizima katikati kwa sababu vijana walidai mpira wao. Urambo hata hao wa kuizima hawakuja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chetu kilikuwa kizuri, mwanangu, na kilijitembeza mpaka soli zikaisha.

Faustini alikuwa ameuza maksai wa baba yake ili filamu ile itoke. Nilimwona akikonda. Mwishowe akapanda treni na mkanda wake mkobani, akaenda Dar es Salaam kwa mfanyabiashara aliyesambaza sidii za filamu. Alikaa huko muda, akarudi anacheka.

"Dada, amekubali! Ila kuna vipande vidogo tumeongeza."

"Vipande gani?"

"Utaviona tu."

Sasa turudi kwenye basi. Tulipotoka Igunga, kondakta akaweka filamu, nami nikaona jina letu. Moyo ukanidunda kwa furaha. Mwanzoni maandishi yakasema ni kisa cha kweli. Ukapita uso wangu, ikapita sauti yangu. Kisha akaonekana mwanamke kwa mgongo, kajifunga kanga kama yangu, anaingia kwa mganga. Hakuwa mimi. Akatoka na dawa, na yule kijana aliyemuua mwanawe akaonekana kapakwa unga usoni, analima usiku kama mtu aliyekwisha kufa. Msukule, mtu aliyerogwa ili atumikishwe. Kumbe ndiyo sababu mama huyu alimchukua nyumbani! Akaja mhubiri akakemea, mchawi akaanguka, akaokoka.

Basi zima lilishangilia. "Nilijua tu!" akasema mzee mmoja. "Nani amlaze muuaji wa mwanawe bure?" Mama niliyekaa naye akaitazama runinga, akanitazama mimi, akamhamishia mtoto wake upande wa dirishani. Nilishuka Nzega, nikakaa kwenye jiwe la stendi.

Na hapo stendi sidii zake zilikuwa zinauzwa. Zilipangwa kando ya mayai ya kuchemsha, na watu walizigombea. Waliokosa walinakili za wenzao. Ile ya kweli ilikosa watazamaji, ya uongo ikakosa pa kukaa.

Nilipofika Tabora nilimwendea Faustini kabla sijafika kwetu.

"Mwishoni anaokoka, dada," akajitetea. "Watu wananipigia simu wakilia. Wanamrudia Mungu."

"Na Mama Generoza?"

"Jina tulibadilisha."

"Ulyankulu kuna wajane wangapi waliomlaza muuaji wa mtoto wao?"

Akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

Tulikwenda kesho yake. Filamu ilikuwa imetutangulia. Mwanangu, wewe ni wa huku huku, unajua macho mekundu yanavyowaponza vikongwe wetu, wakaitwa wachawi, hata pasipo filamu. Wanawake walikuwa wameacha kuongozana naye kisimani. Watoto waliruka kivuli chake. Kisha alfajiri moja watu walijaa uani na mapanga, wakamtaka amfungue msukule wake.

Amosi alitoka akasimama mbele yao. "Mimi ni mzima," akasema. "Nalima kwa hiari yangu. Huyu ni mama yangu."

Wakamjibu kwamba msukule hajijui kuwa ni msukule. Hapo utasema nini, mwanangu? Kila alichosema kiligeuka ushahidi. Siku ileile aliondoka, ili wasipate tena cha kuja kudai. Alimwambia, "Nikibaki watakuua, Mama," akachukua jembe lake tu.

Haya yote alitusimulia Mama Generoza akiwa amekaa kizingitini, hatazami yeyote. Faustini akapiga magoti.

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe," akasema. Alilisema upesi mno, bila machozi, nami likanichoma kuliko matusi. Kisha akamgeukia. "Nimekusamehe, kijana wangu. Sasa nirudishie Amosi."

Faustini akainama mpaka vumbini, naye mama akaendelea.

"Nilizika mmoja, Mungu akanipa mwingine kwa njia ngumu. Wewe umemtoa kwa njia rahisi. Usipompata, basi wafuate wote walioitazama, uwaambie haikuwa hivyo."

Alijaribu, nisimsingizie. Alisimama kanisani akasema ukweli, akasimama stendi, wakamwona amerukwa na akili. Mfanyabiashara alikataa kuacha kuuza kitu kinachouzika. Tulimtafuta Amosi mashamba ya tumbaku ya Goweko, tukashuka stesheni ya Tura kwa fununu tu, hatukumpata. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama Generoza alihamishiwa kwa ndugu zake Urambo, na huko akafa akiuliza kila mgeni kama amepita kijana mwenye jembe. Mazishini tulikuwa wachache. Faustini hakushika kamera tena maishani mwake.

Sasa nasaha yangu. Sikukatazi kazi yako, ni kazi njema. Lakini kisa cha mtu aliye hai si kama kuni za porini, za kila mwenye shoka. Kabla hujakitoa, jiulize mwenye kisa atalala wapi usiku ule watu wakishakitazama. Akikuambia neno hili liache, liache, hata kama ndilo tamu. Wakija wakubwa wakakuambia ongeza chumvi ili kiuzike, kumbuka wao hawakai kijiji kile. Na ukiona viti vitupu, vumilia. Aibu ya viti vitupu huisha. Mimi nilikuwemo na nimeisahau. Usilitumie jina la Mungu kufunikia njaa yako, maana Yeye hahitaji uongo wetu ili apendwe.

Nenda sasa kwa jirani, umpigie hodi bila simu mkononi. Mungu akupe jicho la kuona na moyo wa kuhurumia ulichokiona. Akupe riziki isiyomtoa mtu machozi. Na popote alipo Amosi, kama yu hai, Mungu ampe mlango wa kugonga na mtu wa kumwita Mama. Amina.