Utepe wa Meya Mlangoni pa Zahanati

Mwanangu alikuwa na miezi tisa, umri wa chanjo ya surua, na mara tatu muuguzi alinirudisha nyumbani naye mgongoni. Friji ya zahanati haikuwa na umeme. Nyaya kubwa zinapita juu ya mabati yetu kwenda migodini. Sisi tunazitazama tu.

Na sola ilikuwepo! Serikali ilileta paneli, fundi akazifunga, akamaliza. Alipotaka kuwasha, ni sisi akina mama tuliomzuia. Mimi pia, tena kwa sauti. Kitu cha serikali hakiwashwi kabla meya hajakata utepe. Ukimwaibisha leo, kesho haleti kitu. Fundi akacheka, akatufungia utepe kwenye mlango wa chumba cha betri, akarudi Lubumbashi. Sisi tukabaki na mazoezi ya wimbo wa kumpokea meya.

Meya hakuja. Surua ikaingia mtaa wa pili.

Asubuhi moja nikaenda na makasi. Mkuu wa mtaa akanikuta mlangoni.

“Mama, uko nafanya nini? Hii ni kitu ya l'État, ya serikali!”

“Basi l'État ikuye imubebe huyu mutoto. Miye mugongo imechoka.”

“Ngoja kidogo. Meya atakuya.”

“Kata, mama!” mama mwenzangu mmoja akapiga kelele kutoka kwenye foleni ya zahanati. “Ule wimbo tutaimbia frigo!”

Nikakata. Muuguzi akaingia, akapandisha swichi, friji ikaanza kunguruma. Hakuna aliyeimba. Nikamfunua mtoto paja.

“Bado, mama,” muuguzi akasema. “Frigo ni mutupu. Chanjo iko ku bohari ya serikali. Kesho frigo itakuwa imepoa, lakini kule banasema gari hakuna.”

Wapo wanaosema tusiingojee serikali, tujitegemee. Wajitegemee wao. Utepe niliukata kwa sababu watu wa serikali hawakuja, lakini chanjo ni kazi yao na sitawafanyia.

Nikatoka pale moja kwa moja hadi ofisi ya bohari. Karani akaniambia mkubwa yuko mkutanoni, nikae. Nikamuuliza atatokea mlango upi, nikalivuta benchi mpaka pale, nikampa mtoto ziwa. Akanyonya, akalala, akaamka, akanyonya tena.

Mlango ulipofunguka ulinigonga goti.

“Chanjo, papa,” nikamwambia yule mkubwa. “Kesho asubuhi. Gari tafuta weye.”