Mkono wa Kushoto wa Athanase

Gracieuse hakuwa mtu wa kulialia, na mimi si mtu wa kubembeleza, ndiyo maana tuliweza kukaa miaka miwili chumba kimoja hapa Umbilo, Durban, tumegawana kwa pazia, bila kurushiana masufuria. Upande wangu kulikuwa na kitanda na makorokoro yangu ya ususi. Upande wake kulikuwa na kitanda, cherehani, na shati la mwanaume limetundikwa kwenye msumari. Shati hilo halikuvaliwa wala halikufuliwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshonwa mfupi kuliko wa kulia kwa vidole viwili.

Lilikuwa la mumewe, Athanase. Utotoni alianguka na baiskeli kule Bukavu, mzee wa kuunga mifupa akauunga mkono vibaya, ukabaki mfupi. Mashati ya dukani yalimfunika vidole kama mtoto aliyevaa nguo za baba yake, kwa hiyo tangu waoane Gracieuse alimshonea yote mwenyewe. Kisha ikaja vita ya tisini na sita. Walikimbia pamoja, wakapoteana siku ya pili, penye daraja, watu walipoanza kukanyagana. Gracieuse alikuwa amemshika mkono, huo huo wa kushoto. Alinieleza mara moja tu, huku anatunga uzi kwenye sindano, na hakurudia.

Tangu siku ile hakuna aliyemwona Athanase mzima, na hakuna aliyeiona maiti yake. Mwaka 1998 mdogo wa Athanase, Pascal, akaanza kuleta barua. Mama yao alikuwa mgonjwa na hakutaka kufa kabla ya kumlilia mwanawe. Ukoo ulitaka kukaa matanga, lakini kwa wale watu huwezi kumlilia mume wa mtu wakati mkewe anasema yu hai. Neno lilikuwa la Gracieuse. Pascal angengoja kwenye simu ya padri Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, saa sita mchana, na barua ilisema wazi kwamba mama hatafika mwezi wa saba.

Gracieuse aliniuliza, "Nimlilie mtu aliye hai, Da Coletha? Akirudi nimwambie nini?"

"Umwambie kachelewa."

Alininunia siku tatu.

Alipofika Durban alipata kazi kiwandani kule Jacobs, akashona blauzi za kike miezi minane, kiwanda kikafungwa. Ndipo Baudouin, Mkongomani wa Goma, mlinzi wa magari mwenye kifua kama kabati, akamtafutia kazi ya kufanya usafi na kutia viraka kwenye dojo, ukumbi wa mapigano ya Kijapani alikokuwa akifanya mazoezi yeye. Ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi, na mwalimu wake alikuwa mzee wa Kijapani, Okabe, aliyekuja na meli ya samaki zamani, meli ikaondoka, yeye akabaki. Walichofundishwa humo kinaitwa aikido. Baudouin alinieleza kuwa ni kupigana bila kupiga: mtu akikushika humvuti wala humsukumi, unageuka naye, anaanguka mwenyewe. Nikamwambia hiyo si aikido, hiyo ni ndoa yangu ya kwanza.

Kanisani wakaanza kunong'ona kwamba watu wa dojo wanainamia picha ya mfu ukutani. Ilikuwa kweli, picha ya mwalimu wao wa kale ipo na wanaiinamia. Gracieuse akawajibu kwamba yeye huifuta kioo kila siku na haijawahi kumwomba chochote, tofauti na wazee wa kanisa. Baada ya miezi miwili akaacha kuwatazama wenzake akiwa na ufagio mkononi, akapanda naye kwenye mikeka, na miaka yake arobaini na moja. Okabe alimfundisha kuanguka kwanza. Akawa anaanguka hata chumbani kwetu, anabingiria kutoka kitandani mpaka kwenye pazia, na jirani wa chini anagonga dari kwa fimbo ya ufagio.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa tano koti la Baudouin la mazoezi lilichanika mgongoni. Okabe akatoa kitambaa kizito cheupe, Gracieuse akampima Baudouin, akaandika vipimo kwenye karatasi, akaja navyo nyumbani.

Alishona Alhamisi mchana, jua linaingia dirishani. Mimi nilikuwa upande wangu nachambua nywele za kusukia. Nikamsikia anasema, "Lete mkono." Kisha, "Huo mwingine. Geuka."

Nikajua Baudouin amekuja kujaribisha. Nikavuta pazia nimwulize kwa nini hasalimii watu. Gracieuse alikuwa peke yake. Amesimama katikati ya chumba, koti lisilo na kola amelinyanyua mbele yake kimo cha mabega ya mtu, pini mdomoni. Karatasi ya vipimo ilikuwa sakafuni chini ya kiti, na alama ya kiatu juu yake.

"Unaongea na nani?"

"Siongei," akasema, pini zikiwa bado mdomoni.

Nikalirudisha pazia. Nywele nilizokuwa nachambua nikaziacha zilivyo.

Jumamosi ile, siku ya simu, nilimsindikiza dojo asubuhi ili tukitoka tupitilize dukani kupiga simu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ngazi zile. Mlangoni viatu vimepangwa mstari mmoja, ncha zote zikitazama nje, kama vya watu walioondoka bila kuvivaa. Vyangu nilivivua nikaviacha shaghalabaghala, na nilipogeuka Gracieuse alikuwa amekwisha kuvigeuza. Ndani, watu kumi na kitu katika nguo nyeupe, hakuna anayeongea. Unasikia pumzi, halafu mwili unapiga mkeka, pa, halafu pumzi tena. Nilikaa kwenye benchi nimebana mkoba wangu.

Gracieuse alilitundika koti jipya kwenye kigingi, akalifunga kamba zake vizuri ili lionekane limenyooka. Okabe alikuwa anamwonyesha mtu jambo. Akainua macho, akaliona, akaachia mkono wa yule mtu. Alipiga makofi mara mbili, wote wakakaa chini. Akaenda kwenye kigingi, akasimama. Kisha akasema neno kwa Kiingereza chake cha bandarini, na Baudouin akageuka kwa Gracieuse.

"Mama, anauliza nani amekufa."

"Mwambie hakuna aliyekufa."

Baudouin akamwambia. Mzee akauliza tena, sauti ile ile.

Baudouin akaeleza. Kwao, aliye hai, mwanaume au mwanamke, hufunga koti upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Kulia juu ya kushoto ni maiti peke yake, siku ya kuvikwa. Na kamba za koti hili zilishonwa hivyo. Hata ukitaka kulifunga kama mtu hai, kamba hazifiki.

Mimi upuuzi siuwezi, nikasimama nikasema kutoka kwenye benchi: huyu mama ameshona blauzi za wanawake Jacobs miezi minane, na blauzi ya kike hufungwa kulia juu ya kushoto, basi mikono imefuata mazoea, tusitishane. Baudouin akatafsiri. Okabe akanitazama, akaitikia kwa kichwa. Akamwashiria Baudouin alivae.

Lilimkwama mabegani. Baudouin akavuta, likagoma. "Eish. Hii haiko yangu, Mama," akasema. Mkono wa kulia ulimfika kwenye kifundo. Wa kushoto uliishia juu yake.

Gracieuse alikuwa na futi shingoni, kama siku zote. Niliichukua mimi. Nikapima kulia, nikapima kushoto, nikarudia. Vidole viwili.

Alikaa chini palepale, kwenye ukingo wa mkeka. "Nilimpima Baudouin," akasema. "Wewe uliona karatasi."

Nikaikunja futi. Nilikuwa nimeona karatasi, na nilikuwa nimesikia mengine.

Okabe akapiga magoti mbele yake, polepole, kwa magoti yake ya kizee, akamnyooshea mkono wa kushoto. Hilo lilikuwa zoezi lao la kila siku, halihitaji mkalimani. Gracieuse akaushika kwa mikono yote miwili. Niliona vidole vyake vikiwa vyeupe kwenye maungio. Nikangoja mzee amwangushe, kama anavyowaangusha wengine. Hakufanya lolote. Alikaa ameshikwa, anapumua, na watu kumi na kitu wanatazama, na chini mtu anapiga tairi nyundo. Mwishowe mzee akasema maneno machache, na Baudouin akayaleta kwa sauti ya chini.

"Anasema, mimi naweza kukaa hivi. Anasema, siwezi kukufungulia vidole, ni vyako."

Sijui ilikuwa muda gani. Gracieuse aliachia kidole kimoja kimoja, cha mwisho kilikuwa gumba la kulia. Mzee akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, na Gracieuse naye akainama.

Tulishuka Umbilo Road, yeye amelikumbatia lile koti. Kwenye robot ya pili, zile taa za barabarani, gari likatupigia honi, hakusikia, nikamvuta kwa kiwiko. Saa sita kamili akaingia kwenye kibanda cha simu pale dukani, mlango ameuacha wazi.

"Shemeji," akasema. "Mwambie mama alie. Mlie wote. Na mimi huku nalia."

Akasikiliza kidogo. "Hapana," akasema. "Sikuletewa habari na mtu. Nimemshonea."

Alilia kweli, njia nzima mpaka nyumbani, kwa sauti, mbele za watu, na mimi nisiyebembeleza nilimshikia mkoba. Mama mkwe alizikwa kabla ya mwezi kwisha, akiwa amemlilia mwanawe siku tisa.

Jioni ya siku ile ya simu, tulipokwisha kunywa chai, Gracieuse alichukua wembe akaanza kulifumua koti. Alitaka kulishona upya, la kwake, lifungwe kama la watu walio hai. Sasa amelivaa miezi mingi, na kibao cha jina lake kimetundikwa ukutani kule dojo, cha mwisho mkiani. Lakini jioni ile, alipokuwa ameitoa mikono yote miwili, akailaza kitandani sambamba.

"Da Coletha. Lete futi."

Nikapima wa kulia. Nikapima wa kushoto. Nikaugeuza nikapima tena kwa ndani, kwenye mshono. Ilikuwa sawa. Hakuna uliopungua hata nusu kidole.

Nikasema kitambaa kimevutika Baudouin alipolazimisha. Gracieuse hakubisha. Wote wawili tulijua kwamba dojo tulipima baada ya Baudouin kulivuta, si kabla, na kwamba tangu hapo halikutoka mikononi mwa Gracieuse.

Akainua macho akalitazama lile shati kwenye msumari, kisha akanitazama mimi, akaninyooshea kidole kwenye futi, kisha kwenye mkono wa kushoto wa shati.

Nilikataa kulipima. Nilimwambia alikunje lile shati alitie sandukuni, akalikunja.