Hatua Mbili Kulia kwa Normand

Normand Lachapelle alikuwa na siri, na siri yenyewe haikuwa mwanamke wala chupa. Alikuwa anavipenda vikosi vya ngoma na matarumbeta vya siku hizi. Nilimbamba Jumapili moja jikoni kwake, kompyuta iko juu ya meza katikati ya mkate na nyama ya kupaka, anatazama vijana zaidi ya mia wakikimbia uwanjani na matarumbeta midomoni, machozi yanamlengalenga. Aliifunga ile kompyuta kwa haraka hata akajibana kidole.

"Claudette, usimwambie Muriel."

"Nimwambie nini? Kwamba uzee umekuvuruga?"

Sikumwambia. Lakini nilimcheka mwezi mzima, maana sisi wa kikosi cha parokia ya Mtakatifu Roko tulikuwa na msimamo wetu kuhusu mambo hayo. Vipaza sauti uwanjani! Kinanda cha umeme! Vijana wamevaa kama wametoka kitandani, wanagaagaa kwenye nyasi, na bendera ya taifa hawana hata moja. Enzi zetu bendera ikigusa chini ulikuwa msiba, na majaji walipita katikati ya safu na kalamu, wanakukata alama kwa kila mguu uliochelewa. Haya tuliyasema kila tulipokutana, kwa maneno yaleyale, na kila mara tulijiona tumesema jambo jipya.

Kikosi chetu cha ngoma na buruji kilianzishwa na padri wa parokia, ili watoto wa wafanyakazi wa viwanda vya pamba wasishinde mtoni wakirushiana mawe. Wakati huo hapa Massachusetts karibu kila mji wa viwanda ulikuwa na kikosi chake, na kila Jumamosi ya kiangazi tulikwenda kushindana. Normand aliingia ana miaka kumi, akapewa buruji la sauti nene ambalo alilibeba kwa kulikumbatia. Kaka yake, Gilles, alisimama kulia kwake, mtu wa mwisho kabisa wa safu ya tatu. Mimi nilisimama kushoto kwa Normand.

Gilles alipelekwa Vietnam akafia huko mwaka 1969, ana miaka ishirini. Agosti ile, kwenye maandamano ya sikukuu ya Mtakatifu Roko, padri alisema nafasi yake isijazwe. Normand akatembea na pengo la hatua mbili upande wake wa kulia, na mji mzima ulilia. Basi ikawa desturi. Aliyekufa, nafasi yake haiguswi, na jirani yake ndiye anayeitunza: asisogee, asipinde, aache hatua mbili kamili. Aliyeondoka akiwa hai, safu inafungwa kana kwamba hakuwahi kuwapo.

Ilikuwa rahisi tulipokuwa watu tisini na wafu wawili. Siku hizi tuko kumi na saba na mapengo tele. Tunajaza barabara kuu yote, mtu mmoja hapa, mwingine kule karibu na duka la viatu. Askari mmoja mgeni aliwahi kumuuliza Muriel kama tunawasubiri wenzetu.

"Tumetimia," Muriel alimjibu. "Wewe zuia magari."

Huyo ndiye Muriel Desrosiers. Ujanani alikuwa nahodha wa wabeba bendera, sasa ana miaka sabini na sita na ndiye kiongozi wetu. Hajawahi kuona aibu hata siku moja.

Sheria ya vikosi vya vijana ni kwamba ukifikisha miaka ishirini na moja unatoka, utake usitake. Sisi wengine tulipotolewa tulilia mpaka tukapaliwa. Normand hakulia. Kikosi kimoja cha California kilikuwa kimemwita akawafundishe buruji, na alikuwa ameshafunga begi. Mama yake akamuuliza jambo moja tu: Agosti nani atamshika Gilles, amtunzie nafasi yake? Maana sikukuuni wazee wa kikosi waliruhusiwa kurudi kwenye nafasi zao. Normand akafungua begi. Akapata kazi ya kupeleka barua, akaifanya miaka thelathini na sita kwenye mitaa ileile, na hakuoa. Kikosi cha vijana kilikufa, kanisa likauzwa likageuzwa fleti, mama yake akazikwa. Maandamano ya Agosti yalibaki, na Normand hakukosa hata mwaka mmoja.

Sasa, fainali za vikosi vya vijana hufanyika Indianapolis, Jumamosi ya pili ya Agosti. Maandamano yetu nayo ni Jumamosi ya pili ya Agosti. Hilo ndilo lililomtafuna mwenzetu miaka yote ile, kimyakimya, na sisi hatukujua.

Likatoka mwaka juzi, mwezi wa sita, tulipokuwa kwenye mazoezi ya ukumbini. Daktari alikuwa amemwambia presha imeyala macho yake sana, na kiangazi kinachofuata huenda asione kitu. Normand akasimama na buruji lake mkononi, akasema amenunua tiketi ya fainali. Anaomba ruhusa mara moja tu, akaone kwa macho yake kabla hayajazimika.

Mtu wa ngoma kubwa akaguna.

"Ukaone nini?" Muriel akauliza. "Wale wanaojigaragaza?"

"Ndiyo, Muriel. Wale wanaojigaragaza. Nawapenda."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Mniachie nafasi yangu wazi siku moja, nitarudi."

"Nafasi ya mtu hai haiachwi wazi, Norm, unajua. Tukianza kuwaachia walioko likizo, tutajuaje nani amekufa?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Normand hakucheka. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama wakifunga safu Gilles itakuwaje. Muriel akainama kwenye karatasi zake. Sote tulijua itakuwaje. Gilles alikuwa wa mwisho na hakuna mtu upande wake wa pili. Asipokuwapo Normand wa kuziacha zile hatua mbili, pengo la Gilles ni barabara tu.

Alinifuata nje, kwenye ngazi za ukumbi. Nilijua anachokuja kuomba, na nilikuwa nimeshakasirika kabla hajafungua mdomo.

"Claudette, nishikie Gilles. Siku moja. Sogea mahali pangu, uache hatua mbili, basi."

"Nikisogea, Raymond je?"

Raymond ni mume wangu. Ana miaka kumi na mmoja kaburini, na nafasi yake iko kushoto kwangu. Nikienda kulia kumshika Gilles, safu itafungwa juu ya Raymond. Hiyo ndiyo sababu niliyompa, na ni ya kweli. Lakini haikuwa yote. Yote ni kwamba niliona wivu. Nilitembea kando ya mtu yule kwa miaka hamsini na kitu nikidhani tunapenda kitu kimoja, kumbe roho yake iko Indianapolis na watoto wasiojua hata jina la parokia yetu.

"Raymond alikuwa rafiki yangu," Normand alisema. "Angenipeleka uwanja wa ndege mwenyewe."

"Raymond hayupo wa kuulizwa. Hapana, Norm. Kwa wale wapiga kelele? Hapana."

Alikaa kwenye ngazi, akalilaza buruji kwenye mapaja.

"Unajua Gilles ana miaka mingapi?" akaniuliza. "Ishirini. Mimi nina sabini na moja. Huyu mtoto ananiamuru miaka hamsini na minne, na sura yake hata siikumbuki vizuri. Nakumbuka upana wake tu."

Nikaingia ndani kupanga sare kabatini.

Agosti ilipofika alikuja, sare imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Tukatembea. Jua lilikuwa kali na watu walikuwa wachache kando ya barabara, wengi wao wageni waliohamia kwenye zile fleti, wanatupiga picha. Niliangalia kulia kila baada ya hatua nane, kama tulivyofundishwa. Alikuwa ameacha hatua mbili kamili, si kidole pungufu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri zamu iishe. Nilijikaza nikapuliza.

Wakati wa baridi macho yalizima, kama daktari alivyosema. Mwaka jana alitembea tena. Nilimshika kiwiko, na yeye akaniambia niende kushoto kidogo, nisimsukume kwa Gilles. Muriel alisema Normand ni mfano kwetu sote. Normand akasema asante.

Kesho yake, baada ya misa, nilimpelekea pai ya nyama. Alikuwa mezani kwake, kompyuta iko wazi, mkono unapapasa vitufe. Fainali za jana yake zilikuwa zimewekwa. Hakuniomba. Mimi mwenyewe nilivuta kiti nikabonyeza.

Ngoma zikaanza. Akainamisha kichwa upande wa sauti.

"Wanafanya nini?"

"Wanakimbia."

"Wanakimbia kwenda wapi?"

"Sijui, Norm. Huku na huku."

"Tazama vizuri, Claudette. Hawaendi huku na huku."

Nikatazama vizuri. Nikamwambia kuna binti mwenye tarumbeta anakimbia kinyumenyume na hageuzi shingo. Nikamwambia safu nzima inampita ubavuni, inaukata uwanja kwa mshazari, hakuna aliyeguswa. Nikamwambia wamekusanyika pamoja, wengi hivyo, wamekuwa duara, duara linajifungua na miguu yote inatua pamoja. Aliuliza ya miguu mara mbili. Nilisema ndiyo, yote, na wanapuliza huku wanakimbia, na sauti haitetemeki. Sikujua nimesimama mpaka nilipoona kiti kimeanguka nyuma yangu.

"Wazuri?" akauliza.

"Wazuri, Norm. Mungu wangu, wazuri mno."

Alipapasa kikombe chake cha kahawa, akakipata, hakunywa.

"Ungeniambia hivyo mwaka jana."

"Mwaka jana sikuwa nimewatazama."

"Najua," alisema. "Haya, rudisha mwanzo. Na safari hii usiniruke kitu."

Nikakiinua kiti, nikarudisha mwanzo.