Revocatus na Karatasi za Wenyewe

Kama dharau ingeuzwa kwa kilo, Revocatus Shimba wa Buhongwa angekuwa tajiri kuliko wenye mitumbwi wote wa ziwani. Alistaafu utunzaji wa stoo kwenye kiwanda cha pamba, akabaki na kazi moja aliyojipa mwenyewe: kukusanya santuri za zamani na kuziorodhesha kwa jina sahihi la lebo, yaani kampuni iliyozitoa. Mambo ya waimbaji hakuyataka, maana waimbaji, alisema, kila mpiga domo anajidai kuwajua. Lebo ndiyo iliyomtenga mjuzi na mbabaishaji, na mjuzi, kwa hesabu zake, alikuwa mmoja tu Mwanza nzima.

Ukitaka kumuudhi, mwambie una santuri ya mbwa. Wazee wengi wa kanda hii hawakuhangaika na maandishi ya santuri, waliangalia picha. Yenye mbwa aliyekaa mbele ya gramafoni ni ya mbwa, yenye jogoo ni ya jogoo, na kwa majina hayo walinunua, wakacheza, wakarithishana. Revocatus alibetua midomo. "Ya mbwa! Basi mwite mbwa akuimbie. Hiyo ni HMV." Na aliyetaja ya jogoo alisomeshwa jina la Pathé mpaka akajuta kuja.

Kilichomtia kichefuchefu hasa ni karatasi. Zamani santuri ziliazimwa harusi hadi harusi, na ili zisichanganyike, kila mwenye nazo alibandika jina lake katikati, juu ya lebo, kwa uji wa muhogo. Uchafu mtupu, alisema Revocatus. Mtu anafunika jina la kampuni kwa jina lake la kijijini, nani kamuuliza? Alilowesha kitambaa kwa maji ya vuguvugu, akakanda taratibu, akabandua karatasi na kuichoma pamoja na takataka. Lebo ikatokea safi. Hapo ndipo alipotabasamu, naye hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo.

Ijumaa moja akaja mama mzee kutoka Rorya, jina lake Truphosa, amevaa gauni la kanisani. Wapwa zake walikuwa wamempa Revocatus sanduku la santuri la ukoo bila hata kumuuliza mama huyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Sikuja kudai sanduku. Nataka moja tu, ile ya mbwa."

"Hapa hakuna santuri ya mbwa," Revocatus akasema, amefurahi kama aliyekuwa akiingoja nafasi hiyo tangu asubuhi. "Kuna HMV. Ziko nyingi."

"Utaijua tu. Ina karatasi ya bluu, ile ya kufungia sukari. Kaka yangu Otuoma aliibandika mwenyewe, akaandika jina lake. Alizama ziwani, hatukumpata. Kaburi hana, picha hana. Jumapili tuna ibada yake, nikasema niiweke pale mbele, wajukuu waone kwamba huyu mtu alikuwepo."

Revocatus aliikumbuka karatasi ya bluu. Aliikumbuka vizuri, kwa sababu iling'ang'ania, naye akaitukana.

Angeweza kusema haijawahi kufika. Badala yake alizitoa HMV zote akazipanga mezani. Zote ziling'aa, na hakuna hata moja iliyosema ilikuwa ya nani. Truphosa alizipapasa katikati moja baada ya nyingine, akitafuta ukingo wa karatasi kwa kidole.

"Nilizisafisha, mama," Revocatus akasema. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na hakujua pa kuitua, maana hakuwahi kuibeba. "Chukua zote. Au niliandike upya hilo jina, nilibandike palepale. Nina mwandiko mzuri, wote wanajua."

Truphosa alimtazama juu mpaka chini, bila haraka, jinsi Revocatus mwenyewe alivyozoea kuwatazama wenzake.

"Wa Otuoma ulikuwa mbaya," akasema, akachukua mkoba wake akaondoka.