Meza Isiyo na Kitambaa

Vitambaa vya altare ya kanisa letu hapa Akheri nimevifua mimi kwa miaka thelathini na moja. Navifua kwa mkono, navianika mbali na moshi wa jikoni, navinyoosha kwa pasi ya mkaa. Hakuna aliyenilipa, wala sikutaka. Nilijua Mungu anaona.

Mume wangu alituacha, mimi na watoto wanne, akaenda mjini, Ngarenaro, kuishi na mwanamke mwingine. Kanisa likamtenga, asishiriki Chakula cha Bwana. Mimi nikapalilia migomba, nikachuma kahawa, nikasomesha. Mwaka juzi yule mwanamke alifariki, na mume wangu, mzee sasa, akarudi huku mlimani kwa mdogo wake, anatembea na fimbo. Haikupita miezi miwili akasimama mbele ya kanisa kurudi kundini. Akasema amemkosea Mungu na usharika. Mimi hakunitaja. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na wengine ni wale wale waliokuja kulia na mimi alipoondoka.

Nikamfuata mchungaji nyuma ya kanisa. Ni kijana mwenye adabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Miaka yote ile umeifuta kwa dakika tano?"

"Sikuifuta mimi, bibi. Ni neema. Hakuna anayeipata kwa kazi zake, hata mimi."

"Wewe umezaliwa juzi. Mimi nilianza kufua vile vitambaa hujabatizwa."

"Najua, bibi. Na wewe unaokolewa kwa neema hiyo hiyo."

Nilimwona kama amenitukana. Yaani mimi na yule mzee tuko sawa?

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Chakula cha Bwana. Vitambaa vilikuwa kwangu, nimeshavinyoosha. Nikavifungia kabatini, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga, nikaenda kanisani kutazama watakavyoaibika. Sisemi uongo, ndilo lililonipeleka.

Jirani yangu, ambaye ni mzee wa kanisa, akaniinamia. "Mama, vitambaa viko wapi?"

"Viko nyumbani."

"Havijakauka?"

"Vimekauka kabisa."

Akautazama mkono wangu unavyopapasa lile pindo, akaenda kumnong'oneza mchungaji. Mchungaji akaweka mkate na kikombe juu ya mbao tupu, zenye madoa ya nta ya mishumaa, akaendelea na ibada. Hakuna aliyeguna. Wimbo ukaanza, safu ya kwanza ikainuka, na yule mzee, mume wangu, alikuwemo. Akapiga magoti kwa shida. Akapokea.

Hapo niliumia kuliko siku aliyoondoka. Miaka thelathini na moja, na meza ya Bwana haikunihitaji.

Zamu ya benchi letu ikafika. Jirani akanigusa bega. "Mama, unakuja, au unalinda ufunguo?"

Nikainuka. Nilizoea kwenda pale mbele nimebeba kitu. Siku hiyo sikuwa na kitu mkononi, na kilichokuwa moyoni sikitaji. Nikapiga magoti. Mchungaji akanipa mkate, akaniambia maneno yale yale aliyomwambia mume wangu, hakupunguza wala hakuongeza. Mzee sikuwa nimemsamehe. Na Mungu pia nilikuwa na neno naye. Nikafumba mdomo, nikameza.